Nataka kuisafisha simu ya mume wangu, yeye anasema nampekua

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usilitoe wala mtaa ninaokaa, Mtwara yenyewe ndo hii, ukipiga chafya Chikongola wa Shangani anakujibu afya.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 31, ndoa yangu inaenda mwaka wa sita. Tuna watoto wawili, wa kiume ana miaka minne na mdogo wake wa kike ana miezi mitano. Mume wangu ni nesi, yuko wodi ya upasuaji kwenye hospitali moja huku huku mkoani. Sio mtu mbaya Anti, nisianze kwa kumchafua, ni mtu wa kazi, watu wakiumwa mtaani wanatugongea usiku wa manane na anaamka.

Hii kitu ilianza nilipojifungua huyu wa pili kwa oparesheni. Siku ya tatu nikaambiwa nitembeetembee, basi nikajikokota taratibu tumbo nimelishikilia na kanga mpaka wodini kwake nikamwombe hela ya supu. Nikasimama mlangoni. Alikuwa anamsafisha kidonda kijana mmoja wa bodaboda, mguu umefunguka kuanzia goti kwenda chini, yeye kavaa glovu zake vizuri tu. Simu ikaita. Akaitoa mfukoni na glovu ile ile, akaibana kati ya bega na sikio, anaongea huku anaendelea na kidonda, alivyomaliza kuongea akakipiga picha, nadhani alikuwa anamtumia daktari, akairudisha mfukoni, akaendelea. Wakati huo sikuwaza chochote, niliona mume wangu anachapa kazi na nikajisikia fahari kabisa.

Jioni mama mkwe akaja na mtoto mkubwa kuniona. Mtoto akaanza kulilia katuni, baba yake akatoa simu akampa. Ile simu ina kava la mpira la bluu, na mwanangu ana tabia akiwa anaangalia anatafuna kona ya kava, mpaka leo ukilishika alama za meno yake unaziona.

Sasa miezi miwili hii huyu mkubwa kaota jipu pajani, likapona, likaja lingine kalioni, afu la tatu kisogoni ambalo lilimlaza chali analia siku nzima. Na huyu mchanga kwenye mikunjo ya shingo anatoka vipele vyenye usaha kwa juu. Mama mkwe, ambaye kaja kutoka Tandahimba kunisaidia mtoto, anasema ni damu chafu, anatuchemshia mwarobaini. Hospitali tumepewa dawa mara mbili, vinakauka, vinarudi.

Wiki hizo hizo alikuja shuleni afisa afya kufundisha watoto kunawa mikono, katika kuongea na sisi walimu akasema simu za wahudumu wa hospitali zimeshapimwa nchi nyingi na zinakutwa na wadudu, wengine ni wale sugu wasiosikia dawa. Anti nilihisi tumbo linakata. Nikaiona ile glovu, nikaiona ile kona ya kava.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu. Akacheka. Akasema we mwalimu, wadudu wako kila mahali, ungekuwa unawaogopa usingeshika hata chaki. Nikanyamaza. Ndo nikaanza kuifuta simu yake kwa siri akishalala, pamba na spiriti. Nilifanya kama siku nne hivi. Siku ya tano karudi zamu ya jioni kachoka, kalala, mimi saa nane usiku nimekaa kitandani nimevua lile kava, kwenye ukingo kuna mstari wa uchafu wa kahawia umeganda, nausugua, mara kioo kikawaka, meseji: "Umefika salama?" Jina Sista M. Na yeye akafumbua macho hapo hapo.

Pamba hakuiona Anti. Aliona simu tu. Akaniuliza unatafuta nini. Nikamwambia naisafisha. Saa nane usiku? Mpaka mama mkwe akaamka. Asubuhi mama akaniita pembeni akaniambia mwanangu, ukitafuta kwenye simu ya mume utapata, hata kama hakuna.

Sasa hivi simu ina neno la siri jipya na inalala chini ya mto, kitanda hicho hicho anacholala na mtoto. Nyumbani hatuongei, ni chai ipo, nimetoka, basi. Nimemweleza mara mbili kwamba nilikuwa nasafisha, ananijibu swali moja tu, kwanini usiku, kwanini nikiwa nimelala? Na mi sina jibu. Na nikiwa mkweli kwako ile meseji imenichoma, sasa hivi hata mwenyewe sijui ninachotaka kukifuta ni nini.

Mwalimu mwenzangu mmoja ananiambia nenda kwa matroni wao, sema ulichokiona, maana sio watoto wako tu, kuna wagonjwa pale. Mwingine anasema achana nayo utavunja nyumba yako kwa ajili ya majipu. Je ni simu kweli inayowaumiza wanangu? Niende kwa matroni au ninyamaze?

Mama wa Wawili, Mtwara

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, nisamehe, pale ulipokamatwa na pamba mkononi. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu ndo nikaona kwamba umeniletea barua mbili kwenye bahasha moja, moja ya simu yenye wadudu na nyingine ya simu yenye Sista M, na huko nyumbani kwenu kila mkiongea ya kwanza mwenzio anasikia ya pili.

Nianze na ya wadudu, maana mi kabla ya kukalia kiti hiki nilivaa gauni jeupe miaka mingi, nyingine nikiwa Nachingwea, siwezi kujifanya mgeni. Afisa afya hakuwadanganya. Uturuki mwaka 2009 walitoa majibu ya simu na mikono ya wafanyakazi 200 wa hospitali, zaidi ya simu 94 katika kila 100 zilikutwa na bakteria. Mwaka 2020 watafiti wakakusanya tafiti 56 za nchi 24 wakaziweka pamoja, wastani ukawa simu 68 katika 100. Wengi wa wadudu hao ni wa ngozi tu, tunatembea nao wote, lakini wamo pia stafilokokasi wanaoleta majipu na kuchimba vidonda, na baadhi yao ni wale sugu. Na wanakaa. Stafilokokasi kwenye kitu kikavu anaweza kuishi siku, wiki, hata miezi, hahitaji chakula wala malazi.

Ulichokiona mlangoni pale ndo kiini chenyewe. Watu wanadhani glovu ni usafi, kumbe glovu ikishachafuka inamkinga aliyeivaa tu, vingine vyote inavibeba kama kidole kingine chochote. Imetoka kwenye kidonda imeshika simu, simu imeingia mfukoni, jioni simu iko mkononi kwa mtoto. Sisi enzi zetu tulikuwa na kalamu, kila nesi na kalamu yake mfukoni, hakuna aliyewahi kuiosha, na nikikumbuka tulivyokuwa tunaitia mdomoni tukiandika ripoti ya usiku najishangaa mpaka leo. Simu ni mbaya kuliko kalamu kwa sababu inaita. Umenawa mikono kama Shirika la Afya Duniani linavyotaka, kabla ya kumgusa mgonjwa, baada ya kumgusa, yote umetimiza, afu katikati hapo simu inaita unaishika, umerudi ulikotoka na hujui.

Lakini usimwone mzembe haraka hivyo. Umeme wa kusini unaujua. Ukikatika usiku mgonjwa yuko mezani, tochi ni hiyo simu. Kikokotoo cha dozi ni hiyo simu, saa ya kuhesabia mapigo ni hiyo simu, na daktari wa zamu akiwa wodi nyingine anakionaje kidonda kama hakipigwi picha? Hiyo simu kainunua kwa hela yake, bando lake, na inafanya kazi ya hospitali. Sisemi ile glovu ilikuwa sawa, haikuwa sawa, alitakiwa avue, atakase mikono, ashike simu, atakase tena, avae nyingine, au mwenzake apige ile picha. Na hizo glovu zenyewe kama zilikuwa zimebaki boksi moja wodi nzima, hilo nalo hatulijui mimi na wewe.

Sasa swali lako lenyewe, je ni simu? Hapa nataka twende polepole kidogo. Inawezekana. Lakini kumkuta mdudu kwenye simu ni jambo moja, kusema mdudu huyu ndo kaleta jipu lile ni jambo lingine, hata watafiti wanapata shida kulithibitisha. Karibu watu watatu katika kila kumi tunambeba stafilokokasi puani tukiwa wazima kabisa, anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa bibi, anaweza kuwa mtoto mwenyewe anayejikuna pajani kisha anambusu mdogo wake. Taulo moja watu wanne. Kucha. Afu kuna kitu kwenye barua yako nimekitafuta sijakiona, simu yako wewe. Inaenda darasani kwenye watoto sijui mia, inaenda sokoni unahesabu chenji ya samaki umeishika, na chooni, tusidanganyane, inaenda pia. Nani anaifuta? Sikusuti mwanangu, nakuuliza tu, kwa sababu mwenzio angelisoma hili swali kwa sauti mngecheka wote wawili, na kwa hali mlio nayo kicheko kingewafaa.

Tuje kwake. Nesi wa kidonda unamwambia umetuletea ugonjwa ndani, ujue umemgusa pabaya kuliko ulivyokusudia. Kuna daktari mmoja wa zamani sana, Semmelweis, alikuwa Vienna, mwaka 1847 akagundua madaktari wenzake wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha, wanawake wanakufa kwa homa ya uzazi. Akawaambia wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka vibaya mno. Na unajua walimfanyaje? Wengi walimchukia, kwa sababu kumkubali ilikuwa ni kukubali kwamba mikono yao ndo iliyokuwa inaua. Mumeo alipocheka siku ile, mi nawaza kama kile kilikuwa kicheko kweli. Mtu anayejua wadudu wa kidonda kuliko wewe na mimi, mwanae ana majipu matatu, unadhani hajawahi kuwaza alichokiwaza afisa afya wenu? Huenda aliwaza kabla yako akaogopa. Au huenda ni mjuaji tu, wapo, nimefanya nao kazi. Wewe ndo unaishi naye.

Afu lile swali lake, kwanini usiku? Umeniandikia huna jibu. Mi nadhani unalo na umeniandikia mwenyewe mistari michache juu yake: kwa sababu mchana ulinicheka. Hujawahi kumpa jibu hilo. Umemwambia nilikuwa nasafisha, nalo ni kweli, lakini haliwezi kumwingia mtu aliyeamka akakuta mkewe kashika simu yake gizani, hata ningekuwa mimi. Ukimwambia nilikuambia ninachoogopa ukanicheka, nikaona bora nikifanye kimya kimya, hapo angalau atakuwa anajibu kitu kilichotokea kweli. Inaweza kumlainisha. Inaweza pia kumfanya aseme kumbe kosa langu, mkaanza upya. Chagua saa, sio akitoka zamu ya usiku macho mekundu.

Sista M mwache pembeni siku hiyo. Mtu aliyetoka naye zamu usiku anamuuliza kama amefika, mi nimetuma na kutumiwa meseji za namna hiyo miaka na miaka, barabara za usiku na bodaboda zinavyojulikana. Inaweza kuwa hivyo na isiwe zaidi. Inaweza isiwe hivyo. Mimi sijui na wewe hujui, na pamba na spiriti haitakujibu. Kama inakuchoma muulize siku yake, kwa jina lake, kama mke anavyomuuliza mume. Ukilifichia chini ya habari ya wadudu atalinusa, na siku nyingine ukimwambia nawa mikono atasikia unaniibia. Neno la siri jipya usilihesabu sana bado, linaweza kuwa la mwenye hatia na linaweza kuwa la aliyeudhika, yote mawili yanaonekana sawa ukiyatazama kwa nje.

Kuhusu matroni. Mwalimu mwenzio ana hoja na sitaki kumdharau, wale wagonjwa nao wana watu wao. Ila jiulize unaenda kama nani. Ukienda kama mke umemshtaki mumeo kazini kwake, mji wenyewe ndo huo wa chafya, jioni hiyo hiyo ataambiwa, na hilo la kurekebisha simu za wodi nzima litaishia kwenye simu ya mtu mmoja. Ukienda kama mgonjwa uliyelazwa pale ukasema nimeona wahudumu wanashika simu na glovu, bila jina, hiyo ni haki yako, na mahali pa kutoa maoni huwa papo. Nako kuna hatari yake, wakubwa wengine dawa wanayoijua ni kubandika tangazo simu marufuku, wiki mbili kila mtu kaificha soksini, na simu ya soksini haifutwi na mtu. Njia ya tatu ni yeye mwenyewe aanzishe, spiriti na pamba pale kwenye meza ya manesi, kila anayeingia zamu anafuta. Lakini hiyo haitoki kwako, inatoka kwake akiwa ameshatulia, na huenda isitoke kabisa.

Nyumbani je? Usimfutie ya kwake. Mtafute mtu wa kuanza naye na nadhani anza na mama mkwe. Huyo mama alikukanya kwa upole, hakukutangaza, ana kitochi chake na chenyewe kinashikwa na mtoto. Weka kikapu karibu na mlango, simu zote, ya kwako ya kwanza, zifutwe mkitoka kazini, mbele ya kila mtu, mchana. Spiriti ya duka la dawa soma lebo, iwe asilimia 70, ile kali zaidi inakauka kabla haijafanya kazi. Zima simu, vua kava, pamba iwe na unyevu sio inadondosha, pitisha, iache kama nusu dakika ijikaushe. Usipulizie, na jiki isiguse kioo. Kava lioshwe kwa sabuni. Mtoto akitaka katuni aangalie kwenye simu ambayo haiingii wodini, hilo nadhani hata baba yake hatalipinga, na mikono yote inawe, ya nesi na ya mwalimu. Mumeo akija akakuta kikapu, anaweza kuweka na anaweza kupita. Akipita siku ya kwanza usiseme kitu.

Mwarobaini wa bibi wa kuogea sigombani nao, wa kunywesha mtoto wa miezi mitano hapana, kabisa. Majipu usikamue. Kila mtoto taulo lake. Na huyu mchanga vipele vya usaha shingoni usingoje yajayo, mrudishe, useme ni mara ya tatu na mwenzie ana majipu, omba waangalie kama usaha unaweza kupimwa wajue dawa gani inamuweza huyo mdudu. Akichemka mwili, au akikataa kunyonya, ni siku hiyo hiyo, hata kama hamuongei, mwamshe baba yake.

Na ile simu itoke chini ya mto. Hilo unaweza kumwambia leo, kwa sababu ya mtoto tu, na kama hamuongei mwambie mama yake amwambie.

Ukiniandikia tena niambie kwanza habari ya shingo ya mtoto, ya Sista M baadaye.

Anti